Gari lililochemka siku ya 12: kisa cha madai dhidi ya muuzaji wa magari yaliyotumika

Kisa hiki nilikishughulikia mwanzo hadi mwisho, nikiwa upande wa mnunuzi. Majina, mahali, aina ya gari na mahakama vimeondolewa. Sarafu nayo nimeiondoa: bei ya gari nimeiita 100, na kila kiasi kitakachotajwa kisomwe kama sehemu ya hiyo 100. Siku zinahesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa.

Sheria iliyotumika ni ile ya mauzo ya bidhaa iliyochipuka kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizokuwa chini ya Waingereza ziliirithi karibu neno kwa neno. Aliye chini ya sheria ya namna nyingine atakuta baadhi ya mambo yanamwendea vizuri zaidi, na nitayataja yanapofika.

Usuli

Mnunuzi ni mwajiriwa wa kawaida. Alikusanya akiba ya miaka mitatu, akaongezea mkopo mdogo wa kazini, akanunua gari la petroli lililokwisha kutumika miaka kadhaa. Alilipata kwa tangazo la muuzaji mwenye yadi yake, kibao mlangoni na magari kama 20 yamepangwa. Tangazo alitumiwa kwa WhatsApp, na maneno yake yalikuwa haya: “Injini safi, haijawahi kufunguliwa. Ingia uendeshe.”

Alilijaribu gari kwa dakika zisizozidi kumi, barabara tambarare, na alipofika injini ilikuwa tayari ina moto. Hakwenda na fundi. Alilipa kupitia benki, kwenye akaunti ya biashara ya muuzaji. Baada ya kulipa akaandikiwa stakabadhi, na chini kabisa palipigwa muhuri: “Gari limeuzwa kama lilivyo. Hakuna madai baadaye.” Siku hiyohiyo, kwa furaha, alipiga picha tano na kumtumia kaka yake: gari kwa mbele, kwa nyuma, dashibodi, viti, na moja ya bonneti ikiwa wazi. Picha hiyo ya tano ndiyo iliyokuja kumwokoa, ingawa mwenyewe alikuwa ameshaisahau.

Yaliyotokea

Siku ya 12, akipanda mlima, mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu. Akasimama, akasubiri, mshale ukashuka.

Siku ya 13 alikwenda kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi aliongeza maji kwenye rejeta, kisha akatoa thermostati na kuitupa, akisema hiyo ndiyo inayochemsha gari. Wengi mmelisikia hilo. Thermostati huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake wa kazi. Ikitolewa, mshale mara nyingi hushuka, na mwenye gari huamini amepona. Ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Kuanzia hapo hadi siku ya 16 aliendelea kuendesha, jumla kama kilomita 60. Mara mbili mshale ulipanda tena, akasimama, akaongeza maji, akaendelea. Siku ya 16 gari lilizima njiani likitoa moshi mweupe mzito, na kifuniko cha oili kilipofunguliwa, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Akampigia muuzaji simu. Jibu lilikuwa la upole: “Pole sana dada, nitamtuma fundi wangu.” Fundi hakuja. Simu zikaendelea kwa siku kadhaa, ahadi juu ya ahadi, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Siku ya 20 kaka yake akamwambia aandike. Alimwandikia muuzaji ujumbe mfupi kwa WhatsApp: “Kaka, kama tulivyoongea leo, gari ulilonikabidhi limezima siku ya 16, maji yameingia kwenye oili, na umesema utamtuma fundi. Naomba unithibitishie ni lini.” Baada ya saa mbili akajibiwa: “Sawa dada, wiki ijayo tutalishughulikia.” Kesho yake tangazo likaondolewa mtandaoni. Wiki ikapita, na nyingine, kisha simu zikaacha kupokewa.

Alifika kwangu siku ya 38.

Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza nililomwomba ni kutolifungua gari. Alikuwa amepata fundi mzuri aliyetaka kuanza kazi kesho yake, na nilielewa haraka yake, kwa kuwa alikuwa akilipa nauli kila siku juu ya deni la mkopo. Lakini injini ikishafunguliwa bila upande wa pili kupewa nafasi ya kuiona, kila kitakachokutwa ndani kitabishaniwa.

Siku ya 40 tukatuma barua ya madai. Tulieleza hitilafu, tukataja ujumbe wa siku ya 20, tukasema mnunuzi analikataa gari na anadai bei yake, au, kama hilo halitawezekana, gharama ya matengenezo. Tukampa muuzaji siku 14 za kujibu. Ndani ya barua hiyohiyo tulitaja tarehe, saa na gereji ambapo gari lingekaguliwa na mtaalamu huru, tukamwalika aje na fundi wake. Tuliipeleka kwa mkono, mpokeaji akasaini nakala. Muuzaji hakuja kwenye ukaguzi, na kutokuja kwake kulitusaidia kuliko ambavyo kuja kwake kungemsaidia.

Siku ya 44 mtaalamu alianza na vipimo visivyohitaji kufungua injini. Kuna dawa ya bluu inayowekwa kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta, na hewa inayotoka kwenye maji hupitishwa ndani yake. Gesi ya mwako ikiwa imepenya hadi kwenye maji, dawa hugeuka njano. Iligeuka. Kipimo cha mgandamizo kikaonyesha silinda mbili zilizo jirani, ya 2 na ya 3, ziko chini sana. Baada ya hapo tu ndipo silinda hedi, yaani kipande cha juu kinachofunika silinda za injini, ilipotolewa, kila hatua ikipigwa picha. Gasketi inayoziba kati ya hedi na injini ilikuwa imeungua katikati ya silinda hizo mbili. Uso wa hedi ulikuwa umepinda milimita 0.20, wakati kiwango cha mwisho cha mtengenezaji kwa injini hiyo kilikuwa 0.05. Na mambo mawili hayakutarajiwa: hedi ilikuwa nyembamba kuliko ilivyotoka kiwandani, yaani iliwahi kuchongwa, na ndani ya njia za maji mlikuwa na tabaka gumu la dawa ya kuzibia rejeta, iliyokauka safu juu ya safu.

Kwa maneno mengine, injini “isiyowahi kufunguliwa” ilikuwa imefunguliwa, na kuna mtu aliyewahi kujaribu kuzuia uvujaji kwa dawa.

Hapo mnunuzi alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alitaka tudai kwamba ametapeliwa, na twende polisi kwanza. Nilimshauri vingine, na huu ndio uamuzi ninaouamini zaidi katika kisa chote. Ukidai ulaghai, lazima uthibitishe kwamba muuzaji alijua na alikusudia kudanganya, na mahakama hutaka ushahidi mzito kuliko ule wa madai ya kawaida. Je, yeye ndiye aliyeweka dawa ile, au ni mmiliki wa kabla yake? Hatukuwa na jibu. Lakini sharti la ubora halimuulizi muuzaji alijua nini. Anayeuza kama biashara hubeba dhamana kwamba bidhaa inafaa kuuzwa na inafaa kwa kazi yake, hata kama hitilafu ilifichwa na mwingine. Tukajenga dai juu ya msingi huo. Kauli ya tangazo tukaiweka kama ahadi iliyovunjwa, na neno ulaghai halikuandikwa mahali popote.

Uamuzi wa tatu ulihusu nani ashtakiwe. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu binafsi asiyehusiana na yadi. Nilihisi utetezi wa udalali unakuja, na ukaja. Tulimshtaki mwenye yadi kwa jina la biashara lililosajiliwa, si lile la kibaoni, na tuliambatisha tangazo, stakabadhi na hati ya benki, vyote vikiwa na jina lilelile.

Baada ya siku 14 kuisha bila jibu, tulifungua shauri siku ya 61. Mnunuzi akaruhusu gari litengenezwe, kwa gharama ya 24, na hedi ya zamani na gasketi yake vikafungwa kwenye boksi na kutiwa lebo. Boksi hilo lilikaa chini ya meza yangu kwa miezi mitano.

Utetezi

Muuzaji alileta hoja nne. Kwamba yeye alikuwa dalali tu wa mwenye kadi. Kwamba stakabadhi inasema “kama lilivyo”. Kwamba mnunuzi alilijaribu gari na kuridhika. Na kwamba injini iliuliwa na mnunuzi mwenyewe: alitoa thermostati, akaweka dawa ya rejeta, akaendesha likichemka.

Hoja ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Matokeo

Shauri lilisikilizwa mwezi wa saba tangu gari lilipokabidhiwa, na hukumu ikatoka mwezi wa nane.

Udalali ulikataliwa. Mnunuzi hakuwahi kuambiwa kuna mwenye gari mwingine, na fedha ziliingia kwa muuzaji. Muhuri wa “kama lilivyo” nao ulikataliwa, kwa sababu ulionekana baada ya mkataba kukamilika. Huu ni msimamo wa zamani: katika shauri la Olley dhidi ya Marlborough Court, mwaka 1949, hoteli ya Uingereza ilishindwa kujikinga kwa tangazo la kukana wajibu ambalo mgeni angeliona chumbani tu, wakati ameshalipa mapokezi.

Kuhusu dawa ya rejeta, fundi wa kando ya barabara alifika mahakamani na kusema aliongeza maji matupu. Muuzaji akamwita mwongo. Ndipo ile picha ya tano ikatolewa. Kwenye picha ya siku ya kukabidhiwa, chupa ya akiba ya maji inaonekana vizuri, na ndani yake mna tope la rangi ya kahawia, dawa ileile aliyoikuta mtaalamu ikiwa imekauka. Hakimu aliitazama kwa muda mrefu, akamuuliza muuzaji kama ana la kusema, na muuzaji akasema hana.

Lakini mnunuzi hakurudishiwa bei. Mahakama ilisema alikuwa amelipokea gari kisheria: alilisajili kwa jina lake, akalitumia, akaruhusu fundi kuligusa, na tamko la kulikataa likaja siku ya 40. Akapewa fidia: gharama ya matengenezo 24, ikapunguzwa moja ya sita kwa sababu ya zile kilomita 60, ikabaki 20. Ada ya mtaalamu, 2, ilikubaliwa yote. Nauli tulidai 6, tukapewa 1, kwa kuwa risiti zilizokuwepo zilifikia 1. Jumla 23, pamoja na riba na gharama za shauri.

Muuzaji hakulipa. Tuliomba amri ya kukamata mali, na gari mojawapo la yadi lilipoandikwa kwenye orodha ya kukamatwa akaanza kulipa kwa awamu tatu. Awamu ya mwisho iliingia mwezi wa 13.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Swali gumu kuliko yote katika gari lililotumika ni hili: hitilafu ilikuwepo siku ya mauzo, au imezaliwa baadaye? Gari la zamani linaruhusiwa kuchakaa. Mwaka 1965, katika Bartlett dhidi ya Sidney Marcus, mnunuzi wa Jaguar aliambiwa klachi ina kasoro, akapunguziwa bei, kisha matengenezo yakagharimu zaidi ya ilivyodhaniwa. Akashindwa, kwa kuwa aliuziwa kasoro aliyoijua. Miaka kumi baadaye, katika Crowther dhidi ya Shannon Motor Co., Jaguar nyingine iliyotembea maili zaidi ya 82,000 ilikatika injini baada ya wiki tatu na maili 2,300 hivi. Mnunuzi akashinda, kwa sababu mmiliki wa awali alieleza kwamba injini ilikuwa imekwisha hata kabla ya kuuzwa, na mahakama ikaona kwamba kufa kwake mapema ni ushahidi wa hali yake siku ya mauzo.

Kisa chetu kilikaa upande wa Crowther kwa vitu vitatu vilivyokuwa vya kabla ya siku ya 12: safu za dawa iliyokauka, hedi iliyochongwa, na picha. Ungeondoa picha, tungebaki na neno la fundi dhidi ya neno la muuzaji. Kwa hiyo sasa kila anayeniuliza kuhusu kununua gari namwomba apige picha siku ya kukabidhiwa: chupa ya maji, kijiti cha oili, mita ya kilomita, na taa za dashibodi ufunguo unapowashwa.

Nani anabeba mzigo huu wa uthibitisho ni jambo la kuulizia mapema katika nchi yako. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 2015, mlaji anayedai kutengenezewa, kupunguziwa bei au kurudisha baada ya matengenezo kushindikana husaidiwa na dhana kwamba hitilafu iliyojitokeza ndani ya miezi sita ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye atakayethibitisha vinginevyo. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa mwaka 2019, uliweka mwaka mmoja. Sisi hatukuwa na dhana kama hiyo, ndiyo maana ile 2 ya mtaalamu ilikuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Ujumbe wa siku ya 20 ulifanya kazi mbili. Ulithibitisha kwamba muuzaji alipewa taarifa mapema, na jibu lake likaonyesha kwamba wakati huo hakusema “mimi ni dalali” wala “umeliharibu mwenyewe”. Aliyasema baada ya kushtakiwa. Sentensi inayoanza na “kama tulivyoongea leo” huigeuza simu kuwa maandishi, na mtu yeyote anaweza kuiandika bila wakili.

Kauli ya “haijawahi kufunguliwa” mahakama iliichukua kama ahadi, si sifa tu za biashara. Mwaka 1957, katika Oscar Chess dhidi ya Williams, mtu binafsi aliyekosea mwaka wa kutengenezwa kwa gari lake hakuwajibishwa, maana alirudia yaliyokuwa kwenye kadi na wafanyabiashara walionunua kutoka kwake walikuwa na ujuzi kumzidi. Mwaka 1965, katika Dick Bentley dhidi ya Harold Smith, mfanyabiashara aliyesema injini ilikuwa imetembea maili 20,000 tu tangu ibadilishwe, ilhali ni kama 100,000, aliwajibishwa. Yeye alikuwa na uwezo wa kujua. Bahati yetu ni kwamba maneno ya tangazo yalibaki kwenye WhatsApp baada ya tangazo lenyewe kufutwa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kurudishiwa bei kulipotea mapema, na kulipotea kwa upole wa muuzaji. Kati ya siku ya 16 na ya 38 mnunuzi alisubiri kwa sababu aliahidiwa, na wiki hizo tatu zikahesabiwa dhidi yake. Wanasheria wanaikumbuka Bernstein dhidi ya Pamson Motors ya mwaka 1987: gari jipya kabisa, wiki tatu, maili 140, injini ikakwama kwa donge la gundi lililoziba njia ya oili. Mahakama ilikubali gari lilikuwa bovu, lakini ikasema muda wa kulikataa umepita, ikampa fidia tu. Uingereza yenyewe imeshaondoka hapo, na leo mlaji ana siku 30 za kulirudisha gari bovu. Penye maneno ya mwaka 1893, kivuli cha uamuzi ule bado kipo. Kama mnunuzi angeandika siku ya 16, “Silitaki gari hili, nalirudisha, naomba fedha yangu,” huku akiendelea kuzungumza kwa upole, tungekuwa na hoja nzito. Kuzungumza na kukataa vinaweza kwenda pamoja, mradi kukataa kuwe kumeandikwa.

Zile kilomita 60 zilimgharimu 4. Mahakama haikusema yeye ndiye aliyeua injini, bali ilisema kwamba aliyeona mshale ukipanda mara ya pili na ya tatu alipaswa kusimama, na sehemu ya kupinda kwa hedi ilitokana na hapo. Naona ni haki, ingawa nilibishana nayo. Thermostati iliyotupwa ilimpa mtaalamu wa muuzaji nafasi ya kusema mzunguko wa maji ulivurugwa, jambo ambalo katika baadhi ya injini ni kweli, na hatukuwa na kifaa chenyewe cha kuonyesha kwamba kilikuwa kizima. Kipande kidogo kama hicho kingekaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya droo.

Kuhusu nauli, kosa ni langu. Nilimwambia atunze risiti nikiwa na maana ya gereji. Sikutaja nauli, naye hakuzitunza.

Ukusanyaji wa fedha ulichukua miezi mitano baada ya hukumu, na nusu ya muda huo ilipotea kwa sababu hatukujua muuzaji anamiliki nini. Magari mengi kwenye yadi yalikuwa ya watu wengine kweli. Karani wa mahakama alipouliza tunataka kikamatwe nini, ilibidi tuanze kutafuta upya, kadi moja baada ya nyingine, hadi tukapata magari mawili yenye jina la biashara. Utafutaji huo ungeweza kufanywa siku ya 40, wakati barua ya madai inaandikwa.

Mnunuzi bado analiendesha gari lile. Hedi mpya haijawahi kuchemka.